Risk Aliyoichukua Mama

Nyumbani kwa Mama,
Jumanne, 14 Mei.

Mpendwa kaka yangu Mwalimu,

Hujambo? Wifi na watoto hawajambo? Na kile kikohozi, kimekwisha au bado unawakoholea wanafunzi wako wa Kiingereza? Sisi huku wazima. Nina habari za jicho la Mama, na kwa kuwa nakujua, tafadhali usirukie mwisho wa barua.

Unajua la kushoto lilishakufa, na la kulia lilibaki kuona vivuli tu. Fundi cherehani mzima, anatia uzi kwenye sindano kwa kubahatisha!

Alhamisi tulikaa mbele ya daktari wa macho, binti mdogo anayechanganya lugha. Akasema, "Bibi, operesheni tunaweza kufanya, ila ina risk kubwa."

Mama akapiga makofi. "Riziki kubwa! Basi nipasueni leo leo!" Akaanza kupapasa kalamu atie sahihi.

Kaka, nilicheka, halafu kicheko kikanikauka. Ningenyamaza, angetia sahihi kwa furaha. Lakini jicho ni lake. Nikamwambia, Mama, si riziki. Hicho ni Kiingereza, maana yake unaweka ulicho nacho na hujui kama utarudishiwa. Mambo yakienda kombo, hata vivuli hutaviona tena.

Akaacha kupapasa. Kisha akauliza, "Na wenyewe wanalitumiaje? Hiyo risk inakujia tu, kama homa?"

Wewe ungemjibu vizuri zaidi. Mimi nikasema hapana, wanasema mtu anaichukua.

"Anaichukua mwenyewe, kwa mkono wake?"

"Ndiyo, Mama."

"Haya, naichukua. Lete kalamu."

Haki ya Mungu, nilisisimka mwili mzima. Mwanamke huyu huyu akiona mende anapanda juu ya kitanda! Leo anatoa jicho lake la mwisho na sauti haitetemeki. Miaka yote hii naishi naye, kumbe simjui. Nje nikamuuliza kama haogopi. Akasema, "Naogopa sana. Nani kakwambia wanaochukua hawaogopi?" Kawafundishe hayo wanafunzi wako, maana mimi sijasikia maelezo yanayoyapita.

Jumamosi wakampasua. Leo asubuhi wamemfungua bandeji. Mimi mwoga nikainamisha kichwa na kufumba macho. Mara nikahisi vidole vyake kwenye nywele zangu.

"We Chiriku," akasema, "mvi zote hizi umeziotesha lini?"

Nililia, kaka.

Msalimie wifi, na watoto uwaambie shangazi yao amezeeka, ushahidi upo. Baba mdogo anakusalimu sana. Mungu awalinde mlalapo na muamkapo. Mama anataka picha yako, na amesema nisithubutu kumweleza ikoje.

Dada yako akupendaye kupita kiasi,
Chiriku