Sindano Yenye Maji Baridi

Baba,

Yeyo, mama yetu, yuko ndani kwenye chumba cha matibabu. Mlango umefungwa, nami nimebaki koridoni na karatasi hii. Nakuandikia wewe kwa sababu jambo lenyewe ni moto, na moto unaujua.

Mkeo ana uvimbe kwenye ini. Waliuona Korogwe kwa kile kipimo cha picha, wakatuelekeza huku Dar es Salaam, kwenye hospitali ya mtu binafsi. Siku hizi hospitali za namna hiyo zimeruhusiwa, na mashine za hii ni za ajabu. Daktari alipotamka tu kwamba uvimbe utachomwa kwa sindano, Yeyo alijifunga shuka lake akatoka. Nilimkuta stendi anaulizia basi la Segera.

Sikumlaumu. Unakumbuka kule nyumbani Handeni ulipolalamika ubavu, wazee wakatia chuma motoni? Yeye ndiye aliyekushika mikono. Ngozi iliungua, ikaoza, na ugonjwa ukabaki palepale chini. Ulitutoka kabla kidonda hakijapona.

"Moto wa mume wangu niliuona," aliniambia. "Sirudii."

Nilimsihi arudi japo kumuaga daktari. Daktari, Msambaa kijana wa Kwashemshi, hakubishana. Alinunua ini la ng'ombe buchani, akalidunga ile sindano mbele ya Yeyo. Alieleza kwamba umeme ndio unaopasha nyama joto, na ndani ya ncha ya sindano maji baridi yanazunguka, ili nyama ya jirani isigeuke mkaa ikazuia joto kufika mbali. Baba, unamjua mkeo kwa kukagua maini. Aliomba kisu, akalipasua mwenyewe, akanusa, akatafuta weusi kwa kidole. Hakuna. Katikati palikuwa peupe, pameiva duara zima.

"Kumbe moto unaweza kuwa na adabu," akamwambia daktari. "Haya, mwanangu. Nidunge."

Asubuhi hii, walipokuwa wanamsukuma kuingia, nilimshika mkono. Akauvuta.

"Baba yako nilimshika mimi. Wewe usinishike."

Basi mikono yangu haina kazi, ndiyo maana naandika. Wamekawia, Baba. Nesi amepita tena bila kunitazama. Naogopa. Naogopa sana.

Akitoka, nitamleta kaburini kwako akitembea kwa miguu yake. Hiyo ni ahadi. Lakini akitangulia kufika kwako, usimuulize habari za ile mikono. Mpokee tu.

Kwaheri, Baba.

Binti yako,
Nasieku