Tozo ya Kila Siku, Uwashe Usiwashe

Baba Damari,

Mlenda uko kwenye sufuria ndogo, ugali utajisongea. Kuku wafungie kabla giza halijaingia. Mimi nimekwenda Sepuka kwa mama.

Asubuhi uliposoma bili ulisema mbele ya watoto kwamba nawasha taa kwa siri. Mimi, niliyekula kwa koroboi mwezi mzima na kupiga pasi ya mkaa ili wewe ubane umeme. Ulipokwenda kwenye alizeti nikapita ofisini kwa hao watu wa umeme wa jua. Wamesema iliyopanda ni tozo ya kila siku, ile ya nguzo, waya na betri, uwashe usiwashe. Imepanda kwa sababu kijiji kizima mmezima taa kama wewe: nguzo ni zilezile, mauzo yamepungua, pengo wameliingiza kwenye tozo. Hongereni kwa kubana.

Utaratibu huo nimeupenda. Kuanzia leo na mimi nina tozo yangu: kila siku utaniomba radhi, umekosa hujakosa.

Nitarudi ~~kesho~~ Jumamosi. Siku ambazo sipo zinahesabiwa pia.

Mama Damari