Jana nilishusha hotipoti Kipili

Sumbawanga, Jumapili, 22 Juni

Shajara yangu,

Leo baridi imekuja na upepo wake. Nimetoka misa ya kwanza, nimekunywa uji, na sasa nimekaa nyuma ya nyumba nimeligeuzia jua mgongo, koti bado mwilini. Sijaandika hapa tangu Novemba. Wachache ninaowapa shajara hii, waliozoea kusoma habari za matembezi yetu ya siku moja, wameniuliza kama nimeacha. Sikuwajibu.

Matembezi yalikuwa ya Felista, mke wangu. Mimi nilikuwa dereva, halafu mwandishi. Alikuwa akisema mtu wa Sumbawanga hana haja ya likizo ndefu. Anahitaji siku moja, gari linalowaka, na kuondoka kabla ya jua. Mvua zikikatika tulikwenda Kalambo kutazama maporomoko. Mpunga ukivunwa tuliteremka Muze, kwenye bonde la Rukwa. Na baridi ikikaza, mwezi wa sita, tulishuka Kipili, Ziwa Tanganyika, "kwenda kujianika," kama alivyoita mwenyewe.

Felista alifariki Novemba. Aliugua wiki tatu tu.

Aliacha vitu vingi ndani ya nyumba. Kimoja hakikuwa chetu.

Ni hotipoti la bluu, mali ya Mama Shabani, anayeuza migebuka ya kukaanga pale Kipili karibu na mahali boti zinapofika. Yeye na Felista walianza kwa kubishania bei miaka mingi iliyopita, wakaishia kuitana dada. Juni mwaka jana tulinunua samaki wengi kuliko chombo tulichobeba, naye akatoa hotipoti lake. "Chukua, utaleta." Felista akamwambia, "Nitaleta na unga wa ulezi ndani." Kwetu uwandani, na kwao ziwani pia, chombo cha mtu hakirudi kitupu.

Basi likakaa juu ya kabati. Miezi saba tangu msiba nimepita chini yake asubuhi na jioni, naona kama linanisema.

Naungama hapa: si umbali ulionizuia. Niliogopa kwamba Mama Shabani ameshamtangaza mke wangu huko kuwa mwanamke aliyekula samaki na kuondoka na chombo. Na niliogopa zaidi kwamba, ili nilisafishe jina lake, itabidi nisimame mbele ya mtu aliyempenda na kutamka kwamba amekufa. Hapa mjini sijalazimika kumwambia mtu. Wote walikuwepo msibani.

Binti yetu Neema, aliyeolewa Mbeya, ndiye aliyenisukuma kwa simu. "Baba, hilo hotipoti halina miguu."

Ijumaa nikaliosha, nikaingia stoo. Kuna ndoo mbili za unga wa ulezi, zote zimejaa. Dada yangu wa Mwazye alipita baada ya mavuno akazijaza kama zilivyokuwa zikijazwa Felista alipokuwepo. Mshikio wa moja hauna kitu. Nyingine imefungwa kwenye mshikio kipande cha kitenge chake cha kijani. Sikufikiri mara mbili. Nilichota kwenye ndoo yenye kitenge, maana nilitaka unga uende na kitu chake.

Jana nikaondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, nimevaa koti na kofia ya sufu. Kwa atakayependa kuifuata njia hii: beba chai ya chupa na usikimbie. Kabla ya Chala majani yalikuwa meupe kwa umande wa baridi, na mikokoteni ya ng'ombe ilikuwa imeshaanza kubeba mahindi. Nilisimama pale tulipozoea kusimama, nikamimina chai vikombe viwili kabla sijajishtukia. Nikanywa vyote viwili. Baada ya Namanyere barabara inaanza kushuka, miti ya miombo inakuzunguka, na hewa inapata uzito. Felista alikuwa anavua nguo moja kwa kila mteremko na kuzitupa kiti cha nyuma. Halafu kwenye kona fulani ziwa linatokea lote kwa mara moja, na yeye alikuwa na neno lake: "Lipo." Kana kwamba mwaka ule tungelikosa.

Jana nililisema mimi.

Nilipoteremka kwenye gari Kipili, kijana mmoja aliyekuwa anatengeneza nyavu akaniona na koti langu.

"Oya, Wafipa wameshuka! Shikamoo mzee. Hilo koti umelileta kuuza?"

"Marahaba. Nimekuletea wewe, naona huna shati."

Wenzake wakamcheka. Nikajisikia nafuu kidogo, nikaenda.

Mama Shabani alikuwa mezani kwake, karai la mafuta linachemka. Aliniona kabla sijafika.

"Shemeji! Mmenisusa?" Akachungulia nyuma yangu, kwenye gari. "Na dada yangu? Amejificha humo ananionea aibu na hotipoti langu?"

Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu Namanyere. Nilinyoosha mikono tu, nikampa chombo chake.

Akafungua. Akachota unga kwa vidole viwili, akanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi. Halafu akacheka mpaka akashika meza.

"Kimea! Shemeji, umeniletea kimea! Mimi Mwislamu, nina wajukuu saba, unataka nianze kupika pombe uzeeni?"

Wanawake wa meza za jirani wakaangua kicheko. Nilisimama pale na koti langu, jasho linanitiririka. Kimea ni ulezi uliooteshwa kwanza, ukaanikwa, ndipo ukasagwa. Kwetu ndio unaopikiwa pombe. Kwa macho ya mwanamume kama mimi hauna tofauti na unga wa uji. Wanawake wa nyumbani wanaitofautisha ndoo yake kwa alama. Kile kitenge kilikuwa alama. Miaka ishirini na sita ya ndoa nilikipita kila siku na sikuwahi kuuliza.

Kisha kicheko chake kikapungua, kikakatika. Akafunika hotipoti polepole.

"Unga huu hakuuchota Mama Neema."

"Hapana," nikasema.

"Dada yangu asingekosea ndoo."

"Asingekosea."

"Lini?"

"Novemba."

Akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akakaa kwenye kigoda chake na kuinamisha kichwa. Samaki wakawa wanaungua. Jirani yake, mama wa dagaa, akaja akasogeza karai.

Neno nililoliogopa miezi saba sikulitamka. Kosa langu lilinitangulia kulisema.

Nikamweleza ugonjwa kwa kifupi, naye hakutaka marefu. Halafu, kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cha kuficha, nikamwambia hofu yangu ile nyingine, kwamba wamemsema vibaya.

"Walisema," akanijibu. "Nisikudanganye. Huyu hapa wa dagaa aliniambia, sahau hotipoti, Wafipa wamelipeleka mlimani. Nikamwambia, yule hawezi kunyamaza na chombo changu. Ama gari limekufa, ama…"

"Nisamehe, kaka," mama wa dagaa akasema akiwa ameangalia chini. "Ulikuwa utani wa sokoni."

Nikamwambia yameisha. Na kweli yaliisha. Nilisikia kitu kikilegea hapa chini ya mbavu, kama mtu aliyefungua mkanda baada ya safari. Kumbe mwaka mzima mtu mmoja kando ya ziwa alikuwa anamtetea mke wangu, na mimi nilikuwa juu kule namwogopa.

Nikataka kuubeba unga nirudi nao, akanipiga kofi mkononi.

"Acha hapo. Nitaupikia togwa. Ikinywewa leo ni ya kwetu, ikilala ikachachuka inakuwa ya kwenu."

Nikacheka. Nilikuwa nimesahau sauti yangu ikicheka inafananaje.

Nilivua koti, nikakaa kwenye mchanga mpaka saa nane hivi, nikijianika. Sikufanya kingine. Watoto waliogelea, boti ya mizigo ikaja ikaondoka. Nilipoaga, Mama Shabani alikuwa amemimina unga kwenye beseni lake, ameliosha hotipoti, amelijaza migebuka ya moto.

"Nilikuja kukurudishia," nikamwambia.

"Umerudisha. Sasa nakuazima. Na usiniletee kitupu."

"Safari ijayo nitamuuliza dada yangu ndoo."

"Muulize kabla hujachota, shemeji."

Nilipanda mlima madirisha yakiwa wazi, gari zima linanuka samaki. Chala nikavaa koti tena. Nyumbani nikasonga ugali wa ulezi, kwa unga wa ndoo isiyo na kitenge, nikala peke yangu mezani na wala sikujihurumia. Hotipoti sikulirudisha juu ya kabati. Liko jikoni, linasubiri zamu yake.

Kwa hiyo jibu kwa waliouliza: sijaacha. Julai nafikiria kwenda Kalambo, na kabla baridi haijaisha nitashuka tena Kipili, nina chombo cha mtu.

Wewe unayesoma, siku ukifika ile kona na ziwa likatokea, sema "Lipo" kwa niaba ya Felista. Na ukibakiwa na pumzi, unikumbuke nami.