Mama alifungula chupa zote

Bénit, Chancelvie analia huku ku labo ya mimea tangu asubuhi.

Unajua ule muhogo wa marehemu baba yake, wa Kasenga? Ugonjwa ulimaliza shamba yote. Chancelvie akaweka bipande bya majani ya mwisho mu chupa za kufunga kabisa, na dawa ya kukuzia, bikaanza kutoa machipukizi. Kweli machipukizi, kutoka kwa kipande cha jani tu.

Juzi mama yake akakuja kuona. Chancelvie akaenda kunawa mikono. Kurudi, mama amefungula chupa zote, anabaombea machipukizi kama batoto bake.

"Nilibafungulia batoto bapumue."

Bapumue, Bénit. Hewa njo inaingiza ukungu.

Leo kila chupa ni nyeupe. Bote bamekufa, na ku shamba hakuna hata shina.

Saa hii mama amepiga simu toka Kasenga. "Batoto banapumua?"

Chancelvie akajibu, "Banapumua, mama."