Mama Ndeshi Aliponirekebisha

Mdogo wangu Rehema,

Ukungu wa Marangu umeingia mpaka sebuleni, na migomba nje ni kama inaelea. Kazi yangu ya utafiti huku ni kuwapa kina mama tableti yenye picha ya mwanamke. Wanaivuta kwa kidole, inenepe au ikonde, mpaka ifanane na wanavyojiona. Leo Mama Ndeshi, mwenyeji wangu, aliniambia, "Haya, na wewe." Nikavuta. Akaiangalia, akaniangalia mimi.

"Mwanangu, huyu mnene ni nani? Mimi simjui."

Akaipunguza taratibu mpaka nikajitambua. Machozi yalinilenga. Baadaye akanipakulia mtori, ile supu nzito ya ndizi, nikala nikashiba bila kuhesabu vijiko, mara ya kwanza tangu sekondari.

Mpe mama shikamoo yangu. Nakupenda hivyo hivyo ulivyo.

Dada yako,
Zuhura