Namna ya Kukuandikia Wewe

Longisa,
Tarehe 23 Novemba, 1996.

Kwa ndugu yangu mpendwa Kipkurui,

Pokea salamu tele kutoka nyumbani. Natumaini mtihani umekwisha salama na kwamba jua la huko Pwani halijakugeuza mkaa, maana wewe ulizoea ukungu. Sisi hapa tunaendelea kwa neema ya Mungu. Mvua inanyesha kila alasiri, ng'ombe wetu mweusi amezaa ndama jike, na Baba bado anaigombeza redio kana kwamba inamsikia. Lakini barua hii ina neno zito, Kipkurui. Nimejaribu kuliandika mara nyingi nikashindwa. Tafuta mahali ukae, usiisome ukitembea kama kawaida yako.

Nivumilie nianzie mbali kidogo. Unakumbuka mchungaji Kiptanui alinipa ukurasa katika jarida la kanisa, ule wa habari za nyumbani. Sikukuambia jinsi ulivyonihangaisha. Mwezi wa kwanza niliujaza methali na Kiswahili kigumu cha Kidato cha Nne, mpaka mchungaji akaniuliza kama nilitaka kuwasalimia waumini au kuwahukumu. Mwezi wa pili nikaandika kama msomaji wa taarifa ya habari. Chepngetich wa dukani aliutumia ukurasa huo kufungia sukari, nami nimesimama palepale mbele yake. Niliumia, lakini sukari nilinunua.

Kila nilipoandika nilimsomea Mama kwanza, akiwa anasugua kibuyu cha maziwa ya mursik kwa kijiti chenye kaa la moto. Maneno yangu yakiwa matupu, aliendelea tu kusugua. Siku moja alinikatiza akauliza ninamwandikia nani. Nikamjibu kwamba ninawaandikia wasomaji. Akasema yeye hamjui mtu anayeitwa wasomaji. Nitafute mtu mmoja ambaye sura yake naijua, nimwambie huyo. Basi mwezi ule nikamwandikia yeye mwenyewe. Niliandika jinsi lori la kiwanda lilivyochelewa kufika kwenye kituo cha kununulia majani, chai ikaanza kuungua ndani ya magunia, na akina mama wakamwimbia karani nyimbo za mazishi mpaka akakimbia kutafuta simu. Mama alisikiliza mpaka kaa likamzimikia mkononi. Akacheka, akaniamuru nirudie pale pa karani, halafu akasema hiyo sasa ni yetu. Tangu hapo watu wanaugombania ukurasa ule, hata Jackton fundi baiskeli, ambaye hasali kwetu.

Juma lililopita Baba alisema sasa nikuandikie. Alitaka niandike kama yale matangazo ya redioni, yanayoanza kwa masikitiko makubwa. Niliandika nikachana, kwa sababu hayo ni maneno ya kuwaambia watu usiowajua. Mchungaji akanishauri nitangulize mistari ya Biblia. Ikawa mahubiri, na wewe kwenye mahubiri husinzia. Basi nimeamua kufanya kama Mama alivyonifundisha. Nimeiweka sura yako mbele yangu na ninakuambia.

Mama hayupo tena, Kipkurui. Alifariki tarehe tisa mwezi wa Oktoba, asubuhi, hospitalini hapa Longisa, nikiwa nimemshika mkono. Ile homa niliyokutajia ilikuwa imeingia mapafuni. Tulimzika upande wa juu wa boma, karibu na chai aliyoipanda mwenyewe.

Najua utauliza kwa nini hukuitwa. Mama mwenyewe alikataza. Alimwapisha Baba kwamba usiambiwe lolote mpaka umalize karatasi ya mwisho. Alisema hakuchuma chai mvuani miaka yote ile ili mtoto wake arudi bila cheti kuja kutazama udongo. Baba mdogo Kipkemboi aligomba sana, akataka kupiga simu chuoni siku hiyohiyo. Lakini kwetu neno la mtu anayeaga dunia halivukwi, na Baba alikataa katakata. Ndiyo maana barua yako ya mwezi uliopita haikujibiwa. Baba aliikunja akaiweka mfukoni, na bado anatembea nayo.

Mimi nilimkasirikia Mama. Hata sasa ninapoandika nina hasira naye, na ninalia, na sijui nifanye lipi kwanza. Kama nawe utakasirika, kasirika tu, kasirikia hata mimi, lakini njoo nyumbani. Usibaki huko kwa uchungu. Kila basi la jioni likisimama pale barabarani Baba anatoka nje kuangalia nani ameshuka.

Baba anakusalimu. Baba mdogo anakusalimu, ameshapoa. Mdogo wetu Cheptoo anakusalimu, na anasema utamkuta amekuwa mrefu kuliko wewe. Mchungaji na kanisa zima wanakuombea. Na Mama alikuachia salamu asubuhi ileile. Pumzi ilikuwa inamkatika, lakini alinishika akaniambia nitakapokuandikia nisisahau. Alisema anakusalimu sana, yeye ni mzima kabisa, hofu yake ni kwako tu.

Ni mimi dada yako,
Rebeccah.