Kompyuta ya Kazi Msiiwashe

Wajukuu zangu, tegueni hiki: mlinzi asiye na rungu kamzuia mwizi mlangoni, mwenye nyumba akamtimua mlinzi. Ni nani?

Ulinzi wa kompyuta.

Chai imo kwenye chupa. Kompyuta msiiguse kabisa! Jana ilikataa mchezo wa karata ulionakiliwa kwa wizi, ikaandika si salama. Karatasi iliyokuja na mchezo ikaelekeza: zima ulinzi kwanza. Leo michoro yote ya darizi ya mama yenu haifunguki, na bibi harusi anataka gauni Jumamosi.

~~Nimekwenda sokoni.~~ Nimemfuata fundi wa kompyuta.

Binti yangu, asubuhi uliuliza nani kazima ulinzi, ukawafokea watoto, nami nikajifanya napuliza chai. Wasamehe. Ni mimi.

Bibi